Neno la Aliye Ndani

Sabuni ilikuwa imeshika. Naghenjwa alipitisha kidole chini ya tumbo la tangi, pale ambapo tangu asubuhi tone lilikuwa likijikusanya, likining'inia na kudondoka, na kidole kikarudi kikavu. Akakipangusa kwenye aproni na kutabasamu ndani ya barakoa, mahali ambapo hakuna ambaye angemwona.

"Mtani," aliita, "njoo uone kazi ya watu waliosoma."

"Ninachokiona ni kazi ya sabuni ya kufulia," Mzee Kileo alijibu kutoka upande wa pili wa tangi. "Wewe umeisugua tu kwenye tundu. Lakini Mpare ni Mpare. Nikiisifu sabuni nikakuacha wewe, kesho nitaitwa barazani kujibu mashtaka."

"Ungekuwa wewe ungekwisha kuiuza, na tundu ukalitupia kama nyongeza."

Mzee akacheka, na kicheko chake kikakwaruza ndani ya mpira wa barakoa.

Wote wawili walikuwa peku. Funguo, mikanda yenye vifungo vya chuma, hata pete ya ndoa ya mzee, walikuwa wameviacha nje ya mlango. Ndani waliingia na nyundo ya mti, kikwaruzo cha shaba, vitambaa vya pamba, vizibo vya mti na madonge mawili ya gundi ya chuma ambayo hayakuwa yamechanganywa bado. Chuma kikigongana na chuma huzaa cheche. Na si mafuta yanayolipuka, Naghenjwa alizoea kuwaambia wanagenzi wake, bali ni mvuke wake. Ndiyo maana tangi tupu ni la kuogopwa kuliko tangi lililojaa: lililojaa lina mafuta, lakini tupu limejaa mvuke. Hakuna anayeligusa kwa moto kabla halijaoshwa na kujazwa maji mpaka shingoni.

Tangi hili lilikuwa la injini iliyozungusha feni kubwa, na feni ndiyo iliyovuta hewa kutoka juu na kuigawa katika vyumba vyote vya Chumvini. Juu ardhini jua la mchana lilikuwa halivumiliki tena tangu enzi za bibi zao. Watu walishuka kwenye migodi ya zamani ya chumvi wakaifanya mji. Walilala kwenye vitanda vilivyochongwa katika chumvi, wakaoa na kuzikana humo. Leo injini ilikuwa imezimwa kwa sababu ya tone moja, na mji mzima ulikuwa ukipumua hewa ya jana.

Tone lenyewe lilizaliwa na heshima. Kila mwaka, kabla ya Sikukuu ya Kushuka, kila nyumba hupewa kitu kimoja cha chuma ikisugue kwa chumvi na majivu mpaka king'ae, kukishukuru chuma kilichowachimbia njia. Mwaka huu nyumba ya Mzee Kileo ilipewa tangi. Alilisugua kwa siku kadhaa, akiimba, mpaka likawa kama kioo. Hakuna aliyefikiri kwamba kutu iliyotolewa ndiyo iliyokuwa imeziba matundu, wala kwamba chumvi hukila chuma polepole kuliko moto lakini haisazi.

"Sasa tunahamishia mafuta kwenye mapipa ya chini," Naghenjwa alisema, "mpaka yashuke kuliko tundu. Baada ya hapo ndipo tutakwaruza na kupaka gundi. Si kabla."

"Si kabla," mzee alirudia.

Alikwenda kufungua bomba la mapipa. Nyuma yake mzee alikuwa amepiga magoti na kitambaa, akipangusa pembezoni mwa sabuni. Hakuwa anakwaruza, alijieleza baadaye. Alikuwa anapangusa tu, kazi ionekane safi. Dole gumba lake likabonyea. Bati likaingia ndani kama ganda la yai, na mafuta yakamrukia usoni.

Naghenjwa hakukumbuka alivyofika. Alijikuta kiganja chake kimeziba tundu, mafuta yakimbubujikia kwenye kiwiko, huku akisema kwa sauti iliyotulia ambayo hakuijua, "Kizibo. Kile kinene. Kifunge kitambaa. Paka sabuni." Mzee, amefumba jicho moja, alimpa. Akakichomeka na kukigonga kwa nyundo ya mti, taratibu, kwa sababu bati lililooza ukilipiga kwa hasira hupasuka zaidi. Mbubujiko ukawa mchirizi, mchirizi ukawa jasho, na mwisho pakakauka.

Lakini sakafuni palikuwa na dimbwi lililofika magurudumu ya injini. Na nyuma yao, bila kishindo, mlango ulikuwa umejifunga.

* * *

"Mlio ndani," ilisema sauti kutoka matundu yaliyokuwa juu ya mlango, "mvuke umepita kipimo. Nimefunga. Mkiniamuru nitafungua. Nifungue?"

Ilikuwa sauti ya Bawabu, mashine iliyolinda milango yote ya Chumvini. Haikuwa na ukali wala huruma. Ilikuwa kama mtu anayeuliza kama uongezewe chai.

Katika miaka ya mwanzo, moto uliwahi kuzuka katika chumba cha mashariki, na wakubwa waliokuwa nje wakafunga mlango kwa mikono yao huku watu wakiugonga kutoka ndani. Mji uliokoka. Lakini waliookoka hawakuweza kulala. Ndipo walipotunga sheria na kumwekea Bawabu kichwani: mwenye neno ni aliye ndani. Aliye nje, awe mkubwa wa baraza au mama mzazi, hawezi kuamuru mlango ufunguliwe wala ubaki umefungwa. Hata kubembeleza amekatazwa. Wa nje husema hali tu.

"Hapana," Naghenjwa alijibu. "Usifungue."

"Hapana," Mzee Kileo alisema pia, kwa sababu Bawabu alisubiri neno la kila aliye macho.

Sababu wote wawili waliijua. Mvuke wa mafuta ni mzito, hutambaa sakafuni kama maji. Usingepanda shimo la hewa bila feni kuuvuta, na feni ilitegemea injini ile ile. Mlango ukifunguka, ungeteremka na ujia mpaka kwenye tanuri la kuchemshia maji ya chumvi, ambalo tangu kujengwa lilikuwa limezimwa mara moja tu. Mlango wa pili wa kutenganisha ujia na tanuri ulikuwa kwenye ramani tu. Kila mwaka baraza lilisema mwakani. Na kupita tanuri kulikuwa na vyumba vya watu.

Waya wa mazungumzo ukakoroma. "Hali ya tanuri," alisema mwanamke. "Tunakokota makaa. Mawe mekundu."

Kwa kawaida sauti ile iliita watu wote wa ujia kwa majina yao ya utani. Ilikuwa ya Mama Anaeli, mtunza tanuri, mke wa Mzee Kileo. Sasa ilisema hali tu.

Mzee aliitazama spika kwa muda. "Ana hasira," alisema. "Nilimwambia nitarudi kula."

Barakoa yake ilikuwa imelowa mafuta, na chujio lililolowa ni baya kuliko kutokuwa nalo. Ikabaki moja. Naghenjwa alimwambia watapokezana, mmoja avute huku mwingine akihesabu taratibu, na wasikae chini, kwa kuwa hewa mbaya iko chini. Kisha akafanya jambo la pili aliloliweza. Alifungua koki ya maji ya kupozea injini, akavunja mche wa sabuni ndani ya ndoo, akaikoroga kwa mikono yote miwili mpaka povu likasimama kama ugali. Wakalimwaga juu ya dimbwi, ndoo baada ya ndoo, mpaka sakafu ikawa nyeupe. Mvuke hutoka mahali mafuta yanapokutana na hewa. Ukiyafunika blanketi, hupungua. Haukuisha. Lakini harufu ililegea kidogo, nao wakaegemea ukuta wa chumvi, bega kwa bega.

"Kosa ni langu," mzee alisema. "La kusugua na la kubonyeza."

"La kusugua ni la mji mzima."

"Basi la kubonyeza nipe."

"Hilo chukua."

"Unaona? Mpare hasamehe hata mtu akiwa anakufa." Alikohoa. "Nikifa, mtani, kazi unaijua. Uje msibani uvae suruali yangu, utembee kama mimi, uwachekeshe watu. Mke wangu umtanie mpaka acheke."

"Suruali yako ina matundu kuliko tangi."

"Ndiyo uzuri wake."

Zamu zikapita. Kila alipompa barakoa, mzee aliishika usoni kwa mikono miwili, mabega yakipanda na kushuka, kisha akairudisha. Bawabu aliuliza tena, wakakataa. Mama Anaeli alisema hali. "Makaa yametoka. Mawe mekundu." Baadaye, "Mawe yanaanza kufifia."

Naghenjwa aliona rangi ndogondogo pembeni mwa macho. Kichwa kilikuwa kikimuuma kwa namna tamu, ya kuvutia, kana kwamba mtu alikuwa akimvuta alale. Akajilazimisha kukumbuka majina ya wanagenzi wake, mmoja mmoja kwa sura. Wote walikaa kwenye vyumba vilivyopita tanuri. Mdogo kuliko wote alikuwa hajajifunza kufunga kamba za aproni, na kila asubuhi alimgeuzia mgongo bila kusema, afungiwe.

Alipompa mzee barakoa safari iliyofuata, mikono yake haikuipokea.

* * *

Alikuwa ameteleza ukutani, kidevu kifuani. Naghenjwa alimpigapiga mashavu. "Mtani. Watu wanasema Mchaga akizimia, angusha sarafu karibu na sikio lake." Hakukuwa na sarafu Chumvini, na mzee hakujongea.

Ndipo alipoiangalia barakoa vizuri. Pembeni mwa chujio palikuwa na kigingi cha kufungulia hewa. Yeye, kila alipomaliza kuvuta, alikifunga ili chujio lisichakae, na kila alipoipokea tena alikikuta kimefungwa. Aliona ni jambo la kawaida, mzee naye amekifunga. Sasa alielewa kwamba mzee hakuwahi kukifungua. Zamu zote zile alikuwa ameishika usoni na kupandisha mabega, akiigiza. Mtani akikuchukulia kitu huna ruhusa ya kukasirika. Mzee alikuwa amemchukulia haki ya kugawana kifo sawasawa, na Naghenjwa alikasirika hata hivyo, akalia kwa hasira, akamvisha barakoa na kufungua kigingi mpaka mwisho.

Akamwinua. Hakujua nguvu zilitoka wapi. Mzee alikuwa mwembamba lakini mrefu. Alimburuta ngazi kwa ngazi mpaka juu ya mgongo wa tangi, karibu na dari, hewa ilikokuwa na unafuu. Akamlaza pale, kwenye bati alilokuwa amelisugua likang'aa, akashuka kidogo na kusimama kwenye ngazi, amemshika kifundo cha mguu asije akabingirika. Mguu ulikuwa wa moto. Kifua kilipanda kidogo sana.

"Mlio ndani," Bawabu alisema, "mmoja hayuko macho. Neno lake limeangukia kwako. Nifungue?"

Kwa mara ya kwanza hakujibu upesi.

Ujia ulikuwa upande wa pili wa mlango huo. Ulikuwa na hewa. Hewa mbovu ya jana, lakini hewa. Neno moja tu lingetosha. Hata kwa kunong'ona angesikiwa. Mzee angevutwa nje, pengine angepumua. Na pengine mvuke ungepotea njiani, pengine mawe yalikuwa yamepoa kuliko walivyodhani. Pengine. Aliona jinsi neno hilo lilivyo na mlango wake lenyewe.

"Hapana," alisema.

Waya ukakoroma. "Hali ya tanuri." Akasikika akimeza mate. "Limepoa."

Naghenjwa alifumba macho. Akakumbatia ngazi. Limepoa. Aliufungua mdomo kumwita Bawabu, na neno lilikuwa limefika ulimini pale alipokumbuka kwamba tangazo lililopita lilisema mawe yanaanza kufifia. Mawe yale hayapoi hivyo. Yaliwahi kuzimwa nusu siku yafanyiwe ukarabati, na bado yaliunguza ufagio.

Na Mama Anaeli aliwasikia. Bawabu alitangaza nje kila alilolitangaza ndani. Alijua kwamba mmoja hayuko macho, na alijua si yule ambaye sauti yake bado inajibu.

Kilichomtisha Naghenjwa si uongo ule. Ni jinsi alivyoutamani. Angeweza kufungua, na lolote litakalotokea, yeye angekuwa ameambiwa. Wa nje husema hali. Aliye ndani hutoa neno kufuatana na hali. Sheria isingemgusa. Hata dhamiri yake, kwa kitambo, ingekuwa na mahali pa kujificha, nyuma ya mgongo wa mwanamke anayempenda mume wake.

"Mama Anaeli," alisema kwenye waya. "Weka kiganja kwenye jiwe. La katikati. Kiganja chote. Kisha niambie tena."

Alipokwisha kusema alitamani kuyarudisha maneno. Sheria ilimlinda aliye ndani dhidi ya walio nje. Hakuna aliyewahi kufikiri kumlinda wa nje dhidi ya aliye ndani, ambaye anaweza kuomba chochote.

Waya ukakoroma. Alisikia mtu mbali akiita jina, halafu kitu kama pumzi iliyokatwa.

"Bado," alisema Mama Anaeli. Sauti yake ilikuwa imepanda, nyembamba, kama ya msichana. "Bado, mwanangu. Usifungue."

Alikuwa amevunja sheria mara mbili katika maneno hayo machache, kwa kubembeleza na kwa kuamuru, na hakuna aliyemkemea.

"Yuko juu," Naghenjwa alisema. "Nimempa barakoa. Anapumua. Nimemshika mguu."

Baadaye ikaanza sauti ya majembe. Walikuwa wakifukia tanuri kwa chumvi mbichi yenye maji, chumvi ya sikukuu, ile iliyosafishwa na kutengwa. Alisikia mvuke wa maji ukifoka, tena na tena, kila mara kwa hasira pungufu. Bawabu aliuliza, naye akakataa. Alikataa tena akiwa ameegemeza paji la uso kwenye ngazi. Alianza kusahau swali lilikuwa nini, akabakiza jibu tu, kama mtoto anayekariri: hapana, hapana. Kitu pekee alichokuwa na hakika nacho ni ule mguu kwenye kiganja chake, na kwamba mara kwa mara, kwa mbali, ulitetemeka.

Chini, povu lilikuwa likifa. Vipovu vilipasuka kwa sauti ndogo sana, na weusi wa mafuta ukaanza kuchungulia.

"Hali ya tanuri," alisema Mama Anaeli.

Naghenjwa aliinua kichwa.

"Limepoa. Nimelikalia."

Hakuomba uthibitisho. Alisikiliza ukimya uliofuata: hapakuwa na majembe, hapakuwa na kufoka, watu wengi tu waliosimama bila kusema. Kisha akasikia mtu akiguna vile watu wanavyoguna wakibadilisha mkao kwenye kiti kigumu. Angeweza kukosea. Alijua kwamba angeweza. Lakini safari hii hakuhitaji neno hilo liwe la mtu mwingine.

"Bawabu," alisema. "Mimi Naghenjwa, niliye ndani. Fungua."

Mlango ukafunguka bila kishindo, kama ulivyojifunga. Povu lililobaki likateleza nje kwa ulegevu, na mvuke usioonekana ukalifuata kuteremka ujia. Kila aliyekuwa pale alitazama chini kana kwamba angeuona ukipita. Ukalipita tanuri. Ukaendelea hadi kwenye mashimo ya kale yaliyoachwa, yaliyoko kabla ya vyumba vya watu, ukazama humo.

Mama Anaeli ndiye aliyeingia kwanza, peku, akikanyaga mafuta bila kujali, khanga yake imejaa chumvi nyevu makalioni. Alipanda ngazi mpaka juu ya tangi. Alimwekea mumewe sikio kifuani, akakaa hivyo kwa muda uliomtosha, kisha akamwondolea barakoa na kumpangusa mdomo. Mzee akakohoa, kikohozi kibaya, kirefu, kizuri.

Naghenjwa alikuwa bado amemshika mguu. Hakuweza kuuachia. Alikuwa akiuangalia mkono wa kulia wa Mama Anaeli, uliofungwa kitambaa kilicholoweshwa, ukining'inia mbali na mwili kama kitu kisicho chake.

"Nilijua kwamba bado ni la moto," alisema. "Nilipokuambia uweke kiganja. Nilijua."

Mama Anaeli alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa na hasira wala msamaha. Yalikuwa na kazi iliyobaki.

"Shika miguu yote miwili, tumteremshe," alisema. "Mimi nina mkono mmoja."